Njia Fupi ya Kileleni

Alhamisi, 12 Juni 2025. Bukoto.
Chama chetu cha watembeaji hakina mwenyekiti. Jumamosi tunapanda kilima huko Kigezi. Atakayetangulia kileleni ndiye mwenyekiti. Mpinzani ni mmoja: Ocira, polisi mstaafu, mwenye mapaja mazito na hoja nyepesi. Kaniambia mimi, Mwalimu Abdul-Karim, nibaki na ramani zangu, yeye ataniletea picha. Tutaona!

Ijumaa, 13 Juni. Kabale.
Utafiti umekamilika. Wenyeji wana desturi adhimu: mgonjwa hubebwa kwa engozi, machela ya kusukwa, na kila mwanamume anayekutwa njiani sharti atoe bega. Wenye machela wanakaa juu. Kwa hiyo mgonjwa hupelekwa juu. Mantiki safi. Kesho nitateguka mguu katikati ya njia. Rumaisa, mke wangu, kauliza kwenye simu mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia aandae chai ya wageni.

Jumamosi, 14 Juni.
Kilima kimya kabisa. Ukungu, mtama, ndege mmoja. Ocira alinipita akiuliza kama nasubiri lifti. Nikaanguka. Kilio changu kilikuwa cha kiwango cha juu. Wanaume wakatoka mashambani, wakanilaza kwenye engozi, wakaniinua, wakageuka na kuteremka! Nilieleza kwa utulivu kwamba mguu huu unahitaji hewa ya kileleni. Wakanisihi nisiongee, homa imepanda kichwani. Nilipojaribu kushuka, wakanifunga kwa shuka. Ocira, aliyekuwa karibu kufika juu, akarudi mbio na kutoa bega. Akatangaza kwamba Mwalimu ni mzito kuliko vitabu vyake. Zahanati iko bondeni. Muuguzi akauliza mguu upi. Nikataja wa kushoto. Njia nzima nilikuwa nimelilia wa kulia.

Jumapili, 15 Juni.
Aliyetangulia kileleni ni Aciro, katibu wetu. Akakikataa cheo: apewe aliyegeuka kwa ajili ya mwenzake. Wote wakanyoosha mikono. Hata mimi nilinyoosha, maana bandeji ilikuwa mguuni tu. Mwenyekiti Ocira kanichongea mkongojo. Ananiambia polepole, Mwalimu, polepole.

Jumatatu, 16 Juni. Bukoto.
Nimetafakari bila hisia. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ni ya kilima: zahanati imejengwa mahali pasipofaa. Nimempigia Ocira, nikapendekeza kwa unyenyekevu mashindano mapya, cheo kikiwa zawadi tena. Kakubali, huku akicheka, na kuniachia nichague mahali. Kosa kubwa! Tangu asubuhi natafuta kilima chenye zahanati kileleni.