Lori Jekundu la Kiwanda cha Blanketi

Redio ilipotangaza kwamba kiwanda cha serikali cha blanketi kinatafuta mbia kutoka nje, watu wengi walibadilisha stesheni. Maneno Matamu, kama walivyomwita mtaani, aliomba pasi, akainyoosha suti ya shemeji yake, kisha akaazima na teksi ya shemeji huyohuyo, ile iliyolisha nyumba nzima, yeye mwenyewe akiwemo.

"Usiporudi nayo," shemeji alimwambia, "usirudi kabisa."

Kiwandani alijitambulisha kuwa mjumbe wa wawekezaji wa ng'ambo, akapokewa kama mfalme. Mashine zilinguruma mpaka vioo vikatetemeka, ingawa hakuna hata uzi mmoja uliopita ndani yake. Kuta zilinuka rangi mbichi. Lakini macho ya mgeni wetu, Mungu ayahurumie, yalikuwa yamenasa uani, kwenye lori jekundu linalong'aa.

"Mabosi wangu wa ng'ambo hawanunui maneno," alimwambia meneja. "Nipe lori lile nikalithaminishe."

Meneja alishika shavu. "Mheshimiwa, ile ni mali ya umma. Labda utuachie dhamana. Kile kiteksi, kwa mfano."

Maneno Matamu alijikaza asicheke. "Kaa nacho, mzee wangu. Funguo hizi hapa."

Alipopanda lori, wafanyakazi walikuwa wameshajipanga nyuma.

"Usihangaike kuwasha," meneja alisema. "Kwetu hapa mwekezaji husukumwa mpaka nje ya geti. Ndiyo heshima yetu."

Akasukumwa kwa nyimbo, akipunga mkono kama rais. Nje ya geti lori likashika mteremko, likashuka kimya kimya, na bondeni likagoma. Akafungua boneti. Ndani mlikuwa na blanketi moja, limekunjwa vizuri.

Msukumaji mmoja alifika akihema. "Samahani bosi, nimefuata blanketi. Ni la mlinzi."

"Injini iko wapi?"

"Iliuzwa zamani. Wakaguzi wakija tunalipaka rangi, wanaandika 'lori moja, zima', wanakwenda zao. Wewe ndiye wa kwanza kulipenda."

Teksi ikapita, meneja kwenye usukani, abiria watatu nyuma. Kiwanda kilikuwa kimeingia sokoni.

Simu ikaita.

"Shemeji, teksi yangu iko wapi?"

Maneno Matamu aliitazama ikisimama kituoni kupakia wa nne.

"Shemeji," alisema, akijifuta rangi nyekundu kwenye suti isiyo yake, "tumeingia ubia na serikali."