Vipovu Mia Tatu vya Mwani Wangu

Jumanne, 10 Oktoba
Mvua siku ya nne. Mto umemwaga maji yasiyo na chumvi shambani kwangu baharini, na mwani wangu, fahari ya kijiji chetu kizima cha Praslin, umepauka. Si kosa langu. Mto hauna adabu! Ijumaa bibi shamba Vernice anagawa kitalu cha kule mwambani, mto usikofika. Kila mkulima ataweka mwani wake kwenye chupa ya maji, juani. Mwani wenye afya hujipikia chakula kwa jua na kutoa vipovu. Mwenye vipovu vingi ndiye atakayepewa. Nani, kama si mimi? Jirani yangu Leonce, mwimbaji wa chama cha nyimbo na sherehe cha La Marguerite (mimi ni La Rose, chama pinzani, cha watu wenye hadhi), kaniuliza eti huo ni mwani au tambi. Mshenzi!

Jumatano, 11 Oktoba
Akili ni mali! Mwani umekosa chumvi? Nimeupa chumvi. Pipa zima, chumvi yote ya mke wangu Eudoxie ya kuhifadhia nyama ya nguruwe. Yeye kasema mwenye njaa hashindiliwi gunia zima la mchele. Hajui sayansi, maskini.

Alhamisi, 12 Oktoba
Umekuwa mlenda. Saa nzima juani, kipovu kimoja, nacho ni kwa sababu nilipuliza. Eudoxie kalia: tukikosa mwambani, mwakani hatuna hata mbegu. Nimemwambia afute machozi, kaolewa na kichwa. Nikaenda dukani kununua maji ya soda.

Ijumaa, 13 Oktoba
Leonce: vipovu arobaini na kimoja. Mimi: mia tatu, wakachoka kuhesabu! Nikainama kama mfalme. Mara wingu likaziba jua. Chupa ya Leonce ikatulia. Yangu ikazidi kuchemka. Nikatangaza kwamba mwani wangu hautegemei jua. Bibi shamba akautoa mwani kwa vidole viwili. Vipovu vikaendelea. Akaonja maji. Akacheua. Watu wakavunjika mbavu, Eudoxie wa kwanza. Kitalu kapewa Leonce.

Jumanne, 17 Oktoba
Sikukuu ya La Marguerite. Leonce kaja mlangoni na taji lake la mfalme wa sherehe ya chama, jasho likimtoka. Kasema ndugu yangu, njoo ufunge kamba zako mwambani kando ya zangu, nafasi ipo, mbegu nitakupa. Eudoxie kamshukuru mpaka nikaona haya. Nimekubali, kwa kumhurumia. Anahitaji mtu wa kumwelekeza.

Kosa langu nimelijua. Sikutia chumvi kwenye ile soda! Bibi shamba angeonja, asingetambua kitu. Mwakani watanikoma. Eudoxie kanunua chumvi nyingine; nimemwomba kidogo ya majaribio. Kaificha.