Kilo Nne za Chumvi

Jumatatu, tarehe 3 Februari
Daftari, salaam. Mimi mzima. Baba watoto mzima, anakoroma. Mama mkwe mzima, ila goti ni lile lile. Wifi mzima kupita kiasi. Kitinda mimba mzima, ana njaa. Jogoo hajambo.

Habari kubwa! Binti yangu, kifungua mimba, fundi wa helikopta za jeshi, kapata likizo ya siku saba! Miezi kumi na minne sijamtia machoni! Aje Jumamosi. Ila barabara ya kambini imefukiwa na theluji, na helikopta zinaruka kwa kuvizia, mawingu yakifunguka. Anasema barafu inaganda kwenye yale mapanga ya juu, mashine inakuwa nzito, haipandi.

Barafu! Mimi, miaka tisa nakwangua majokofu ya bucha! Jeshi zima halijui chumvi huyeyusha barafu?

Jumanne, tarehe 4
Utafiti. Nimebandika donge la unga kwenye panga moja la feni ya sebuleni, ndiyo barafu hiyo. Nikawasha. Lo! Feni imetikisika kama ina degedege, donge likamwangukia wifi pajini. Kauliza kama nimerukwa na akili. Kasema kambini kuna mafundi waliosoma. Nikamjibu kusoma si kukwangua.

Lakini mtikisiko ule! Na mwanangu hupanda humo!

Jumatano, tarehe 5
Kilo nne za chumvi nimezishona ndani ya mto. Askari wa getini, kwenye uwanja wa helikopta hapa mjini, kauliza ni nini. Nikasema mto wa binti yangu, shingo inamsumbua. Mawingu yamefunguka, helikopta imeruka na mto wangu! Nimepunga mpaka mkono ukafa ganzi!

Alhamisi, tarehe 6
Simu. Si ya shukrani.

Mto umepasuka angani. Chumvi imeingia kila mwanya, na kumbe chumvi hula chuma cha ndege kama mchwa. Sajenti kaamuru mashine ioshwe yote. Maji yakaganda! Barafu kuliko ya mwanzo! Sasa imo bandani inapulizwa hewa ya moto, na ndiyo iliyokuwa imlete.

Binti kauliza, kwa upole, kama namjua mtu anayeshona mito kwa uzi wa pinki. Nikasema nchi ni kubwa. Wifi kacheka mpaka kashika ukuta.

Jumanne, tarehe 11
KAFIKA! Nimemkumbatia mpaka kaomba pumzi! Amekonda! Siku tatu za likizo zimeliwa na chumvi, na kazihesabu kwa vidole mbele yangu. Nimelia.

Kanifundisha taratibu: mapanga yana nyaya za moto ndani, kabla ya kuruka wanapuliza dawa ya kuyeyusha, barafu ikizidi, rubani anageuza kurudi. Kusubiri si woga, mama. Kaniapisha: chumvi kamwe. Nimeapa, wifi shahidi.

Ijumaa, tarehe 14
Kaondoka. Nyumba imepwaya.

Kiapo ni kiapo. Chumvi sikugusa. Lakini pilipili nani kaitaja? Mto mpya umo begini mwake, uzi wa bluu safari hii, pilipili kavu iliyosagwa, kilo mbili. Wayapake mapanga, yatawaka yenyewe!

Ndani ya foronya nimemwandikia sajenti: salamu kwako, kwa rubani, kwa mpishi na kwa kila askari. Binti asijue. Mto ukifika mzima, nijibu upesi.