Sajenti Anasubiri Amri

Saa nane mchana redio ya Nasiri ilitangaza kwamba leo ndiyo mwisho. Chuo kimoja kule Kinyinya kilikuwa kimetenga nafasi kwa watu waliotumikia jeshi, na maombi yangefungwa saa kumi na moja jioni. Sote tukageuka kumtazama Sajenti Sangwa. Yeye akaendelea kunywa chai, kana kwamba waliotajwa ni wanajeshi wa nchi nyingine.

Hapa ni Nyamirambo, barazani kwa Kellen, muuza chai na chapati aliyekulia Uganda, asiye na subira na mtu mzito. Nasiri ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Tunamwita Sentimita, kwa kuwa mkanda wa kupimia haujawahi kumtoka shingoni. Eddie tunamwita Digrii Mbili. Anazo kweli, na kwa hizo mbili amepata kompyuta na kazi ya kuwajazia watu fomu za mtandaoni kwenye meza ya Kellen. Mimi ni Mtanzania, kwa hiyo wananiita Bongo. Hawakujisumbua zaidi ya hapo.

"Sajenti, umesikia?" Nasiri akauliza.

"Nimesikia."

"Na umeomba?"

"Fomu iko kwa Eddie tangu Jumatatu."

Eddie akageuza kompyuta sote tuone. "Yote iko tayari. Imebaki swali moja tu. 'Eleza changamoto uliyokutana nayo maishani. Yasizidi maneno mia tatu.' Huyu mzee ameandika matatu."

"Soma," nikasema.

"'Changamoto ilikuwepo. Ilikwisha.'"

"Hiyo ni ripoti kamili," Sajenti akasema. "Miaka ishirini na mbili nilikuwa mtu wa redio. Kamanda akisubiri maneno mia tatu, adui amefika."

"Banange!" Kellen akapaza sauti kutoka jikoni. "Si uweke simba? Ulikaa msituni, simba hakukosekana!"

"Simba hakuripotiwa."

"Basi andika ulivuka mto na wenzako kumi na wawili mgongoni," akasema Nasiri.

"Mto ulikuwa na daraja."

"Daraja unaliondoa, bwana wee! Nani atakwenda kuliangalia?"

"Sikia, mimi iko na uzoefu," Eddie akasema. "Vyuo vinapenda machozi. Fomu ya digrii ya pili nililia kuanzia mstari wa kwanza. Weka machozi, Sajenti."

"Machozi hayakuwepo kwenye orodha ya vifaa."

Hapo mimi nikakasirika. Nina hasira za karibu, najijua. Nikamuuliza kama anataka kusoma au anatupotezea mchana wetu, mtu wa miaka arobaini na saba.

"Na ukweli, Afande," Eddie akadakia, "mimi niko na digrii mbili na bado nakaa kwenye kiti cha Kellen."

"Na kiti nakitaka kabla ya magharibi!" Kellen akadai.

Sajenti akaweka kikombe chini. Sisi wote tunajua kazi yake: ni mlinzi wa geti kwenye chuo hichohicho. Lakini hajawahi kuizungumzia.

"Miaka minne napekua mabegi ya wanafunzi," akasema. "Vitabu vyao vyote navijua kwa majalada. Ndani yake sijui iko nini. Kila asubuhi nawaambia watoto, ingia, ingia, ingia. Mimi hakuna mtu ameniambia."

Eddie akaanza kuandika kwenye kompyuta.

"Unaandika nini?" Sajenti akamuuliza.

"Hayohayo uliyosema."

"Hiyo haikuwa ripoti."

"Ndiyo maana naiandika."

"Hayafiki mia tatu."

"Yasizidi, sha! Wamesema yasizidi. Hayajazidi."

Ilipofika saa kumi na dakika hamsini Eddie akamsogezea kompyuta. Wanataka mwombaji atume mwenyewe, akamwambia, akamwonyesha na kitufe. Sajenti akanyoosha kidole, kikasimama hewani. Zikapita dakika tano. Kidole palepale.

"Sajenti, saa inakwenda," nikasema.

"Nani ametoa amri?"

"Amri gani tena? Ombi ni lako!"

"Mtu hajipi amri mwenyewe. Huo ni utovu wa nidhamu."

"Haya, mimi nakuamuru," Nasiri akasema, akiweka mkanda wake sawa begani.

"Wewe ni raia."

Eddie akajaribu kwa Kinyarwanda. "Kanda, sha! Kanda!" Bonyeza, bonyeza. Kidole hakikutikisika. Jeshini amri alizozoea ni za Kiswahili. Kinyarwanda ni cha nyumbani, na nyumbani mtu anaweza kukataa.

Zilibaki dakika tatu. Kellen akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Sajenti Sangwa. Hii baraza ni ya nani?"

"Yako."

"Na nani anaamua kama leo chai iko ama haiko?"

"Wewe."

"Mguu sawa!"

Kiti kikaanguka. Sajenti alikuwa wima kabla hakijatua.

"Sajenti! Tuma!"

"Ndiyo, afande!"

Kidole kilishuka kwa nguvu hadi nikaihurumia kompyuta. Maandishi yakatokea, Eddie akayasoma kwa sauti: "Ombi lako limepokelewa. Subiri maelekezo."

"Hawa watu wanajua kuandika," akasema Sajenti.

Tukashangilia kama tumekubaliwa sisi. Nasiri akautoa mkanda shingoni kwa mara ya kwanza, akaanza kumpima suruali ya kuendea darasani. Eddie akafunga kompyuta. Mimi nikachukua begi langu niwahi basi, na hapo ndipo nilipoona Sajenti bado amesimama, mikono ubavuni, macho mbele. Kellen akamzunguka, akainua uso kumtazama.

"Sajenti, hiyo mashavuni ni nini?"

"Haimo kwenye orodha ya vifaa, afande."

Kellen akajifuta unga kwenye kitenge, taratibu, kwa muda mrefu kuliko unga wenyewe.

"Mguu pande," akasema mwishowe. "Chai yako imepoa, nitakupa nyingine. Ingia."

Akaingia, nasi tukaenda zetu.