Safari ya Accra Bila Sindano

Jumatatu, 26 Januari 2026

Siku kubwa. Meneja wetu, Bwana Isaiah, ameniita ofisini na kunipa kiti. Nimeonja chai katika kiwanda hiki miaka kumi na moja na sijawahi kupewa kiti. Amesema kuna maonyesho ya chai Accra, huko Ghana. Kiwanda kitapeleka watu wawili, yeye mwenyewe na mwonjaji. Mwonjaji ni mimi. Ndege ni tarehe 24 Februari.

Kisha akaharibu. Akasema nisipokuwa tayari kwa wakati, Nganga wa upakiaji ataenda badala yangu. Nganga! Mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu mifuko na kutabasamu. Nilisoma naye shule ya msingi hapa hapa shambani. Hata wakati huo alikuwa akifunika vitabu vyake kwa gazeti bila kuambiwa na mwalimu.

Nilipotoka nilisimama kidogo nikaitazama chai. Baba yangu alichuma chai hii miaka thelathini na moja. Alitoka ziwani, upande wa Kisumu, akiwa kijana, akapewa chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi, na hakuwahi kufika mbali zaidi ya Nakuru. Chai yake ilipanda meli, yeye hapana. Naitaka safari hii kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Naandika hapa tu, maana mbele za watu nitajifanya ni jambo la kawaida.

Jumatano, 28 Januari

Kliniki ya kiwanda. Sista Phyllis, nesi wetu, ametuita mimi na Nganga pamoja akatusomea masharti. Kwanza chanjo ya homa ya manjano, ya kuchanjwa Kisumu, na kadi yake ya manjano. Bila kadi huingii Ghana. Kadi huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo mwisho kabisa wa kuchanjwa ni tarehe 14. Meneja anataka kuziona kadi Ijumaa tarehe 13. Halafu vidonge vya kuzuia malaria, vya kuanza kabla ya kuondoka na kuendelea hata baada ya kurudi. Na neti. Na mafuta ya kufukuza mbu. Nilidhani tunaenda maonyesho, kumbe ni vita.

Nganga aliandika kila neno, tena akauliza maswali manne. Sista alimtazama vile mama humtazama mtoto aliyemaliza ugali wake.

Mimi nilieleza kwa upole kwamba mambo ya malaria hayanihusu. Mimi ni mtu wa ziwani, na damu yetu imeshazoeana na mbu. Sista akauliza nilizaliwa wapi. Nikasema laini namba saba, hapo chini. Akauliza nimeishi ziwani miaka mingapi. Nikasema nimehudhuria mazishi mengi. Akasema kinga ya malaria mtu harithi kama shamba. Huipata kwa kuugua mara kwa mara tangu utotoni, na akihama hupungua. Mimi niliyekulia kwenye baridi sina kinga kumshinda Nganga. Nganga akakohoa. Namjua, hakuwa na kifua.

Kuhusu sindano sikusema lolote. Ni kweli kwamba darasa la tano, walipokuja kutuchanja, nilikimbilia ndani ya chai na nikapatikana saa kumi jioni. Hilo lilikuwa jambo la msimamo, si woga. Bahati mbaya Nganga alikuwa mmoja wa walionitafuta.

Ijumaa, 30 Januari

Nganga ameshachanjwa. Alienda Kisumu jana na leo amekuja kazini na shati la mikono mifupi, katika baridi hii, ili kila mtu aone plasta. Kadi ameitia kwenye karatasi ya nailoni. Amemwonyesha hata mlinzi wa lango.

Nikaamua kumsaidia asiende. Nilimwambia kwa huzuni, kama rafiki, kwamba vidonge vya malaria humfanya mtu aote ndoto mbaya na kuzungumza na kuta. Nikamtajia binamu yangu aliyekutwa na hayo. Sina binamu huyo. Nilitarajia aingiwe na hofu, avitupe vidonge, na Meneja aone kwamba si mtu wa kutegemewa. Badala yake alienda moja kwa moja kwa Sista Phyllis. Akaambiwa ni kweli, kuna aina moja inayowasumbua baadhi ya watu, akaandikiwa aina nyingine. Kisha akarudi kunishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumapili, 1 Februari

Nimerudi kutoka mazishi ya mke wa baba mdogo, kando ya ziwa. Nimelala huko siku mbili bila neti, kwa makusudi. Mpango wenyewe ni rahisi. Nalala, naumwa na mbu, narudi mzima, na Sista Phyllis anafunga mdomo.

Walionishangaza ni watu wangu wenyewe. Kila kitanda kina neti. Hata waombolezaji waliolala uani kwenye mikeka walifunga neti zao kwenye kamba za kuanikia nguo. Adoyo, binti wa marehemu, aliacha kulia ili aniletee neti. Nikamwambia mtu wa ziwani halali ndani ya neti. Akaniuliza nani ameniambia hivyo. Kuanzia hapo wakaniita Ja-Kericho, mtu wa huku Kericho, tena mbele ya mchungaji. Naona wamelegea. Mtu akikaa sana nyumbani husahau mila.

Nimehesabu alama arobaini na tatu. Nimezipiga picha zote kwa simu, na hizo ndizo ushahidi wangu.

Jumatano, 4 Februari

Mzima kabisa. Sina hata chafya. Nimemwandikia Meneja barua ya kurasa mbili kueleza kwa nini mwonjaji wake hahitaji vidonge, nikaambatisha picha nane, moja ya kisigino. Nakala kwa Sista Phyllis. Sista amenirudishia nakala yangu akiwa ameandika chini, kwa kalamu nyekundu, kwamba malaria huchukua wiki moja, mbili, hata zaidi kabla ya kujitokeza. Manesi hawapendi kushindwa.

Meneja alisoma mistari mitatu, akanitazama juu ya miwani. "Wewe Oyugi, mimi sikuuliza habari ya mbu. Kadi iko wapi?"

Ijumaa, 6 Februari

Nimefikiri sana juu ya kadi. Kadi inasema mtu fulani amechanjwa. Haisemi sindano ilimwuma nani. Kepher, ndugu ya mke wangu Eucabeth, anafanana nami kiasi, hasa ukiwa na haraka. Hana kazi maalum, haogopi kitu, na anapenda Kisumu kwa sababu ya samaki. Nimempa pasipoti yangu. Ataingia akiwa mimi, atachanjwa akiwa mimi, na atarudi na kadi yangu. Nimemkaririsha tarehe yangu ya kuzaliwa mara sita.

Eucabeth ameuliza kwa nini nisiende mwenyewe. Nimesema kazi ni nyingi. Akasema, "Baba Adongo, wewe unaogopa sindano tu." Binti yetu Adongo, wa miaka sita, akadakia kwamba yeye alichanjwa na hakulia. Hakuna aliyemwuliza.

Jumatatu, 9 Februari

Kepher amerudi akiwa ameshiba. Anasema nesi wa huko alifungua pasipoti, akatazama picha, akamtazama yeye na ndevu zake, akacheka mpaka akatafuta kiti. Lakini kwa kuwa shemeji alikuwa ametoka mbali na alikuwa na kitambulisho chake mfukoni, wamemchanja. Ameniletea kadi ya manjano safi, yenye mhuri, na jina lake mwenyewe. Kwa hiyo nyumba hii sasa ina mtu mmoja aliyekingwa na homa ya manjano maisha yake yote. Safari yake ndefu kuliko zote ni hiyo ya Kisumu.

Amelala kwenye kochi langu akishika bega, anasubiri chai.

Nitaenda mwenyewe Alhamisi. Nimeshaandika, kwa hiyo nitaenda.

Alhamisi, 12 Februari

Sikuenda. Niliamka kichwa kikiuma, nikajua mwili unaikataa sindano, na mwili wangu una akili. Nikaamua kwenda kazini leo na Kisumu kesho alfajiri.

Vikombe ishirini na vinne mezani. Unavuta chai kutoka kwenye kijiko kwa kelele, unaizungusha mdomoni, unaitema kwenye ndoo, unaandika. Leo kikombe cha kwanza kilikuwa chungu. Nikaandika: imekataliwa. Cha pili, chungu. Cha tatu kilinifanya nifumbe macho. Kufikia saa tano nilikuwa nimeikataa chai yote ya siku. Nikamwandikia Meneja kwamba kuna uharibifu mkubwa, huenda ni mitambo, huenda ni wachumaji, huenda ni mtu ana nia mbaya, na kwamba kazi yote isimame. Wananiamini, kwa hiyo kazi ikasimama. Magari ya majani mabichi yakajipanga foleni mpaka nje ya lango.

Meneja akaja mwenyewe. Akaonja kikombe kimoja, akaonja vinne. Akasema hii ni chai bora kuliko yote tangu Krismasi. Kisha akautazama mkono wangu. Kijiko kilikuwa kikigonga kikombe bila mimi kukituma. Nganga, aliyekuja kuuliza kwa nini hana chai ya kupakia, akasema polepole, "Oyugi, si chai hiyo iko na shida. Ni mdomo yako."

Nikamwambia huo ni wivu. Baada ya hapo nilikaa sakafuni.

Jumapili, 15 Februari

Hospitali. Malaria kali. Tarehe 14 imepita nikiwa hapa nikizungumza na ukuta, bila kidonge chochote cha kulaumiwa.

Kwa kumbukumbu tu: sindano ya kutoa damu, moja. Za dripu, mbili, maana ya kwanza ilikosa mshipa. Za dawa, tatu. Jumla sita. Nilikuwa nakwepa moja.

Leo Nganga amekuja kunitazama na machungwa na neti mpya. Amesema Meneja amemwambia ajiandae. Nilisubiri atabasamu ili nimchukie vizuri, lakini alikuwa akitazama viatu vyake. Akaniomba nimfundishe maneno ya kuonja, angalau machache, asije akaaibisha kiwanda mbele ya wageni. Niligeukia ukutani. Halafu nikakumbuka ni chai ya baba inayopelekwa, nikageuka, nikamfundisha saa nzima: jinsi ya kuvuta, jinsi ya kutema, chai ikiwa na nguvu unasema nini, ikiwa changamfu unasema nini. Aliandika kila kitu, bila shaka.

Alipoondoka nililia. Nilimwambia Eucabeth ni dripu inauma. Akanifuta uso na shuka, akanimenyea chungwa la Nganga.

Jumanne, 24 Februari

Nganga ameshatua. Ametuma picha akiwa Accra, kadi mkononi, kofia ya kiwanda kichwani, na chini ameandika kwamba amelala usingizi mzuri ndani ya ndege. Ndivyo alivyo.

Nimekaa leo na kujichunguza kwa uaminifu nilikosea wapi. Sijaona. Tena ukitazama vizuri, nimepata faida. Sasa nimeugua malaria ya ziwani kweli kweli, na nina karatasi ya hospitali. Kama kinga hupatikana kwa kuugua, alivyosema Sista Phyllis mwenyewe, basi yangu imekamilika. Wengine wanameza vidonge, mimi nimechanjwa na mbu wenyewe.

Na vidonge ninavyo. Hospitali walinipa ishirini na vinne vya kumalizia nyumbani kwa siku tatu. Nilipofika nusu nilijisikia mzima, nikaona ni upotevu. Kumi na viwili nimevificha kwenye kopo nyuma ya sukari, kwa ajili ya safari ijayo. Meneja ametaja maonyesho mengine Septemba. Kadi haina shida. Nimeanza kufuga ndevu kama za Kepher, nipige picha mpya ya pasipoti, kisha aende nayo tena Kisumu. Safari hii nesi hatacheka.

Nimevaa koti la pili. Baridi ya mwezi huu si ya kawaida, hata meno yanagongana. Eucabeth ameniletea chai ya kiwandani, ile ile ya pakiti alizopeleka Nganga. Nikavuta, nikazungusha, nikatema. Chungu.

Nimemwandikia Nganga upesi huko Accra asifungue hata pakiti moja mbele ya wageni, kwa sababu chai yote imeharibika.