Sasisho Kutoka kwa Mwanangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Sasisho limeingia asubuhi. Skrini ya gari imeandika: toleo jipya lipo tayari, maboresho ya usalama. Binti yangu anaita apdeti. Mimi naita salamu. Kaka yake ndiye injinia huko ughaibuni, kwenye kampuni iliyounda gari hili, na kila kinachoingia kwenye skrini kimepita mikononi mwake. Wengine hutumiwa viatu na watoto wao. Mimi natumiwa breki.

Gari lenyewe si jipya, sikatai. Ni la umeme, nililipata likiwa limeshatumika, na rangi imepauka milangoni. Lakini lina akili. Linajishikilia kwenye mstari wa barabara. Linaacha nafasi na gari la mbele. Mtu akikatiza, linapiga breki kabla mguu wangu haujapata habari. Ndilo linalobeba wauguzi wa hospitali, kutoka bweni lao hadi wodini na kurudi, na ndilo lililonifanya niitwe dereva badala ya mjane.

Binti akasema nisikubali haraka. Tusikie kwanza wenye magari ya zamani kama letu wanasemaje. Nikamwambia salamu za mtoto hazisubirishwi mlangoni. Nikabonyeza Kubali. Gari likalala uani kama mgonjwa aliyechomwa sindano.

Mchana habari mbaya. Msimamizi wa wauguzi amesema kazi ya kuwabeba itaombwa upya. Ijumaa ya wiki ijayo atapanda magari yote mawili, achague moja. Nikauliza mawili yapi, maana nalijua moja tu. La pili ni la wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Amenunua gari jipya, la umeme, la kampuni ile ile, na sasa anataka na abiria wangu. Alinikuta getini akasema, pole wifi, gari lako bado linafaa kufugia kuku. Nikamjibu kuku wangu watakuwa na injinia wao.

Nimemwambia msimamizi kwamba gari langu linajiendesha, na anayeliongoza ni mwanangu kutoka huko huko aliko. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Alivutiwa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Safari ya kwanza baada ya sasisho. Mwanzo raha tupu. Penye mistari iliyopakwa rangi upya, gari linaifuata kama sindano ya cherehani, vizuri kuliko hata zamani. Nikawageukia wauguzi nikawauliza, mnaona? Hapo hapo tukafika kwenye daraja la juu, kivuli chake kimelala barabarani. Gari likapiga breki. Breki za kufa mtu. Mbele hakuna mtu, hakuna mbuzi, hakuna hata karatasi. Kivuli.

Muuguzi wa wodi ya watoto akamwagikiwa chai kwenye sare. Akauliza gari limeona nini. Nikamwambia linaona mbali. Mwenzake akasema basi limeona shetani, maana sisi wenye macho ya kawaida hatujaona kitu. Wakacheka. Nami nikacheka, kidogo.

Wakati wa kurudi, kivuli kile kile, breki zile zile. Zamani halikuwa na tabia hiyo.

Nimempigia mwanangu. Akasema kamera zinajipima upya, nizidi kuendesha, litazoea. Ana kauli nzuri huyu mtoto. Hata akikwambia hakuna cha kufanya, unashukuru.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimefikiri. Kamera ni jicho, na jicho liko usoni, na uso hutunzwa. Mwanangu alipokuwa mdogo sikumtoa nje kwenda shule kabla sijampaka mafuta akang'aa, na ndiyo maana walimu walimwona. Basi nikachukua mafuta yangu ya kujipaka. Nikapaka kioo pale mbele ya kamera kubwa, nikapaka zile za ubavuni, na ya nyuma nayo isijione yatima.

Gari likasema halioni. Skrini imeandika kamera zimezibwa, msaada wa dereva haupatikani. Nikaendesha kwa mikono na miguu yangu, kama watu wa kale. Tulifika salama, na mapema, lakini safari yenyewe haikuwa na cha kusimulia.

Wifi alinipita karibu na duka la matairi. Alinipungia mkono. Kisha akanipungia na wa pili.

Binti amesugua mafuta yote kwa sabuni ya vyombo. Kopo la mafuta amelificha. Ni afadhali angenigombeza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo nimempigia mwanangu nikamwagiza arudishe toleo la zamani. Akasema halirudi, Mama. Likishaingia limeingia, ni kama kung'oa jino la utotoni halafu udai lirudi.

Nikamwuliza mbona gari langu linaogopa vivuli na la shangazi yake haliogopi. Akaeleza kwa upole. Nimeelewa hivi: gari langu lina rada kwenye bampa la mbele, na rada ndiyo iliyokuwa ikilinong'oneza kwamba kivuli ni kivuli, pita. Toleo jipya haliisikilizi rada tena. Linategemea kamera peke yake. Magari mapya yana kamera kali na ubongo mpana. Langu lina kamera za zamani, zinaona kama ninavyoona mimi bila miwani.

Nikauliza nani aliamua rada isisikilizwe. Akasema kikao. Nikauliza yeye alikuwepo. Alikuwepo. Nikauliza alisema nini humo kikaoni.

Akasema, "Mama, wazo lilikuwa langu."

Ndilo lililompandisha cheo. Cheo kile kile nilichokitangaza mtaa mzima mpaka muuza mkaa akaja kunipa mkono. Akasema magari ya zamani yamebaki machache, kuyapima yote kila mara ni kazi kubwa, ilibidi wachague. Nikamwuliza kama alijua kwamba la mama yake ni mojawapo. Alijua. Alidhani siliendeshi sana. Nikamwambia ndiyo kazi yangu hii, kila zamu. Akasema alidhani ni ya kujichangamsha tu.

Msemo wa kikulacho ulinijia. Nikaufukuza kabla haujafika nguoni. Cheo ni cheo, na wazo ni wazo, na si kila mama ana mtoto mwenye wazo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimepata dawa. Wifi bado hajalikubali sasisho, anaogopa kubonyeza vitu. Ndiyo maana gari lake ni zima. Mwanangu amesema magari mapya hayapati shida, lakini mwanangu ana moyo mzuri, hawezi kumtakia shangazi yake mabaya. Mimi naweza.

Nikabeba mayai, nikapiga hodi. Nikamwambia wifi yangu wa pekee, sisi tunagombania nini, marehemu kaka yako angetuonaje. Akashtuka, akanipa kiti. Nikamwuliza kama sasisho la mtoto wa kaka yake ameshalipokea. Akasema bado. Nikasema mtoto atajisikia vibaya, ametengeneza kwa mikono yake, halafu shangazi mtu anamkalia kimya. Akabonyeza mbele yangu. Nikanywa chai yake taratibu, nikisubiri gari liharibike.

Liliamka likiwa na akili mpya. Akasisitiza anirudishe nyumbani nalo. Penye kivuli cha daraja lilipita kama halijakiona. Kabla ya kona linapunguza mwendo lenyewe, jambo ambalo jana halikulijua. Kufika kwangu likajiegesha pembeni mwa ukuta bila kugusa hata jani. Wifi akanikumbatia, machozi yakamtoka. Akasema yote aliyowahi kunisema anayafuta, na Ijumaa msimamizi mwenyewe atashangaa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na ndoo yangu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Siku yenyewe. Nilipanga kama jenerali. Safari ya saa sita mchana, vivuli vikiwa vifupi. Njia ya nyuma ya uwanja wa mpira, isiyo na daraja. Wauguzi niliwaomba wazungumze mema tu, au walale.

Asubuhi binti alinisihi nizime msaada wote niendeshe mwenyewe. Akasema, "Mama, wewe unajua kuendesha. Siku ile ya mafuta hakuna aliyemwaga chai." Nikamwambia msimamizi ameahidiwa gari linalojiendesha. Nikilizima, nimemzima kaka yako.

Msimamizi alikaa mbele. Mwanamke wa maneno machache, miwani yake inaning'inia kwenye mnyororo. Gari lilikwenda kama linaogelea. Nikaanza kumweleza cheo cha mwanangu. Nikaachia usukani ili aone kwa macho yake. Gari likalia kudai mikono yangu. Nikamwambia linanisalimia.

Ndipo basi likaingia mbele yetu. Mbali, mbali kabisa. Nyuma yake limebandikwa tangazo la dawa ya meno, mtoto mkubwa kama mlango anacheka, anakuja mbio. Gari langu halikuona basi. Liliona mtoto. Likasimama katikati ya barabara kama limepigiliwa misumari. Miwani ya msimamizi ikakata mnyororo, ikagonga kioo. Lori la nyuma likapiga honi, likakwepa, likapita ubavuni mwetu kwa nafasi ya kiganja. Dereva wake alimtukana mama yangu, ambaye hakuwemo garini wala duniani.

Hakuna aliyeumia. Muuguzi wa wodi ya watoto alikuwa amemshika mwenzake mkono. Safari hii hawakucheka.

Nikamwambia msimamizi kwamba mwanangu amelifundisha gari kupenda watoto. Akaichukua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu. Akasema, "Mama, ungeshika usukani mwenyewe leo, kazi ingekuwa yako."

Nikaushika. Tukafika. Kazi imekwenda kwa wifi.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Wifi amepita na wauguzi wangu. Getini kwangu akapunguza mwendo anisalimie. Lililopunguza ni gari, siyo yeye. Ananionea huruma, kitu ambacho sijawahi kumruhusu. Muuguzi wa wodi ya watoto alinipungia mkono chini chini, wenzake wasione. Nilikuwa nimevaa nguo za kazi. Mazoea.

Mwanangu amepiga. Dada yake alimweleza yote, hata lori. Akasema Mama nisamehe. Akasema nizime msaada wote, niendeshe kwa mikono yangu, na nisikubali sasisho jingine lolote, kwa sababu huko hakuna anayepima masasisho tena kwenye magari kama langu. Hata yeye mwenyewe hapimi. Akarudia, ili nisikie vizuri. Nikamwambia haya, baba. Nikamwuliza kama amekula. Amekula.

Hizo ni kauli za mnyenyekevu. Mtoto aliyelelewa vizuri hajisifu mbele ya mama yake. Nimemlea mimi, namjua.

Mchana nikaenda maabara ya hospitali. Nimesikia nao wanatafuta gari la kuwapeleka wafanyakazi wao. Nimewaambia langu linajiendesha, na injinia wake ni wa nyumbani. Watalijaribu Alhamisi.

Niliporudi skrini ilikuwa inawaka. Toleo jipya lipo tayari. Maelezo ya chini sikuyasoma. Nimebonyeza Kubali. Imeandika: subiri, usizime gari. Basi nimekaa kwenye kiti cha dereva, mikono mapajani, nasubiri kama nilivyoambiwa. Binti anaita kutoka jikoni, chakula kinapoa. Nimemjibu asiniingilie, naongea na kaka yake.