Blanketi ya Maman Clémence

Jumatatu, 9 Oktoba

Mvua tena. Jumamosi tunapanda kijijini Nyantende kupeleka blanketi kwa Maman Clémence, mama yake Carmel, muchumba wangu. Bila blanketi ya mama, hakuna ndoa. Yeye ndiye aliyelala upande uliolowa, mutoto akalala pakavu; sasa naye afunikwe. Hugues, aliyeoa dada mukubwa wa Carmel, alipeleka ya Kichina, yenye chui. Mpaka leo wanaisifu! Mimi sikubebwa na mutu. Mashini yangu ya kushona niliinunua kwa jasho. Sitashindwa na chui wa nailoni.

Nimepata sokoni Kadutu blanketi ya sufu kabisa, ya baloti, mitumba ya Ulaya. Shauri: niichemshe mpaka ishikamane, kisha nishone koti. Mvua haitapenya. Maman atalima akiwa amevaa blanketi yake. Nani aliwahi kufikiri hivyo? Hakuna.

Jumatano, 11 Oktoba

Mita mbili kwa moja na nusu. Itapungua robo. Inabaki koti refu, pamoja na kofia. Dada yangu Pascaline ameuliza kama nimejaribu kwanza kwa kipande. Nimemujibu kwamba hesabu haijaribiwi, inafanywa.

Maji ya moto, sabuni, kisha kukanyaga ndani ya beseni. Jirani Ezéchiel akachungulia juu ya ukuta: "Tonton, hiyo kasiksi itaiva lini?" Nikaendelea kukanyaga. Pombe ya ndizi na kazi ya akili ni vitu viwili.

Alhamisi, 12 Oktoba

Imepungua nusu. Nusu! Sabuni ilikuwa kali. Kosa ni la muuzaji. Lakini unene wake! Nimeimwagia maji, yakateleza yote. Sindano zinavunjika. Koti refu limekuwa fupi. Kofia imekuwa mukono wa kushoto.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika ijapokuwa inauma. Kumbe kwao shangazi wawili hukunjua blanketi mbele ya wageni, wakafunika mama na binti pamoja. Ndipo familia inakubali. Hilo sikuuliza.

Wakakunjua koti. Wakapekua hata ndani ya mikono. Shangazi Joviale akaniita kwa sauti: "Papa Cyprien, koti tumeiona. Na blanketi iko wapi?" Maman Clémence, mama wa heshima, alijaribu kuivaa. Kiwiko kilikataa kukunjika. Akabaki mukono juu kama mutu anayeapa. Hugues alijifanya anakohoa.

Muzee Zagabe, baba yake Carmel, akakata neno: Jumamosi ijayo nilete blanketi nzima, inayofunika wawili, ama nisipande tena.

Carmel alinisindikiza mpaka barabarani. Macho yake mekundu. Alisema polepole: "Cyprien, leta tu blanketi. Usifikiri."

Mvua ilinikuta njiani. Koti nilivaa mimi. Sikulowa hata tone. Hilo hakuna aliyelisema.

Ijumaa, 20 Oktoba

Blanketi mpya iko juu ya meza. Sufu. Mita mbili na ishirini kwa mbili. Pascaline ananisihi niifunge ndani ya plastiki, niiache hivyo. Nimemuahidi.

Lakini mawingu upande wa Nyantende ni meusi. Plastiki hupasuka. Shangazi wakunjue kitu kinachochuruzika? Mbele ya Hugues? Nitaichemsha kidogo tu, kwa ajili ya njia. Carmel na mama yake ni wembamba. Sabuni nimebadilisha.

Itapungua robo.

Maji yameanza kuchemka.